Maswali ya Mama wa Douala

Levi alikuwa amepiga goti kwenye vumbi la mnada wa Ogwedhi, mkono mmoja umekumbatia shingo ya ng'ombe mwekundu, mwingine umezama mdomoni mwake ukipapasa meno. Midomo ya Levi ilikuwa ikicheza. Waliosimama karibu walidhani anahesabu meno kimoyomoyo. Aliyesogeza sikio alisikia maneno ambayo pengine hayakuwahi kutamkwa katika mnada ule tangu uanze.

"Eske," alimwambia ng'ombe. "Eske vot fis. Eske vot fis a iun fam."

"Omera, rafiki yangu, huyo ametoka Narok," alisema Magige, dalali mwenzake, Mkuria mwenye fimbo ndefu na ulimi mrefu kuliko fimbo. "Msemeshe Kimaasai. Hicho Kizungu chako kinamtisha."

"Si Kizungu. Ni Kifaransa."

"Ndiyo maana amekukodolea macho. Anafikiri unamtukania mamake."

Watu wakacheka. Levi hakucheka. Alitoa mkono, akaufuta kwenye suruali, akamtazama ndama aliyefungwa kando ya ng'ombe yule.

"Amezaa lini?" alimuuliza mwenye ng'ombe, kijana aliyevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka.

"Wiki mbili, mzee. Maziwa yanamwagika yenyewe."

"Huyu ndama ni wake?"

"Wa nani tena?"

"Nimeuliza kama ni wake. Sema ndiyo, au sema hapana."

"Ndiyo."

Levi hakumtazama mdomo. Alimtazama mikono, na mikono ya kijana ilikuwa imeanza kuikunja na kuikunjua kamba. Akamfungua ndama, akamsukuma kwenye kiwele. Ng'ombe akamnusa mara moja, akageuka, akarusha teke.

"Mrudishe ulikomwazima," Levi alisema. "Mamake anamlilia huko."

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na sita. Shule aliiacha darasa la sita, na hakuwahi kujutia zaidi ya siku mbili tatu katika maisha yake, lakini kuuliza alikujua. Aliamini kwamba swali refu humpa mwongo mahali pa kujificha, na swali fupi humwacha uchi. Uliza jambo ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana. Kisha nyamaza. Kisha tazama mikono.

Kwenye kibanda cha chai Magige hakumwachilia. "Sasa Kifaransa ni cha nini? Unataka kwenda kuuza ng'ombe Paris?"

"Kuna mtu anamtaka Lynnet."

"Mzungu?"

"Mweusi kuliko wewe. Mtu wa Kameruni."

"Ala! Wale wa mpira?"

"Huyu ni wa samaki. Anatengeneza vile vizimba vya kufugia samaki ziwani, huko Homa Bay. Lynnet anatunza stoo ya chakula cha samaki. Wakaonana hapo."

"Basi shida iko wapi? Alete ng'ombe, mle, mcheze."

"Shida ni kwamba sijui kwao," Levi alisema, akaweka kikombe chini kwa nguvu hadi chai ikaruka.

Magige aliacha mzaha, maana jambo hilo alilielewa. Kwa Wajaluo, kama ilivyo kwa Wakuria, binti haondoki nyumbani kabla kwao mwanamume hakujachunguzwa. Hutumwa watu wawili watulivu, wasiojulikana kule, wakapite kwenye kinu cha kusagia mahindi, wakanywe chai sokoni, wasali kanisa la hapo Jumapili moja. Huuliza kidogo kidogo: nyumba ile ina uchawi? Ina wizi? Ina ugonjwa unaorudi kila kizazi? Mwanamume mwenyewe ana mke aliyefichwa mahali? Wakirudi, ndipo baba hujua kama atatandika mkeka au atafunga lango.

"Nani nitamtuma Kameruni, mpaka huko Douala," Levi alisema, "akae kwenye kinu cha huko akiuliza?"

Na si hilo tu. Kulikuwa na ile simu.

Ilipigwa mwezi uliopita, sebuleni kwa Levi, karibu na Ndhiwa. Kijana mwenyewe aliitwa Célestin. Nyumbani walimwita Selestini, na Levi alipoliona jina lilivyoandikwa, likiwa na kialama juu ya herufi kama unyoya, alikitilia shaka hata hicho kialama. Kijana alikuwa mrefu, mwenye adabu, anajua Kiingereza na Kiswahili cha kuokota. Mamake alijua Kifaransa na lugha ya kwao tu. Selestini aliweka simu mezani, uso wa mwanamke mnene ukatokea, na Levi akaanza kazi yake.

"Mwulize mamako kama una mke huko."

Selestini alisema maneno machache. Mama akaanza kujibu. Akasema, akasema, sauti mara ikapanda kama ya mtu anayekemea, mara ikashuka kama ya mtu anayeomba, na mara mbili Selestini alijaribu kumkatiza naye akakataa kukatizwa. Chai ya Levi ilipoa mbele yake. Hatimaye mama akanyamaza. Selestini akakohoa.

"Anasema hapana."

"Hayo yote ni hapana?"

"Ndiyo, mzee. Kifaransa kinazunguka kidogo."

Levi alimtazama mikono, lakini kijana alikuwa ameikalia. Akamtazama Lynnet. Lynnet alikuwa anatazama sakafu kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Hapo ndipo kitu kilipomwingia Levi moyoni, kikakaa, na hakikutoka tena. Huyu mtu alikuwa anaulizwa habari zake, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anayafikisha majibu. Mwizi na askari walikuwa mtu mmoja.

Mama angekuja baada ya wiki sita. Mwezi wa kumi na mbili mkataba wa Selestini ungeisha, naye angeondoka na Lynnet. Siku ile ile ya simu Levi alizihesabu Jumamosi zilizobaki kabla mama hajafika, akaona ni sita.

*

Mwalimu Bitutu alifundisha Kifaransa katika shule ya wasichana isiyo mbali na Ndhiwa. Alikuwa mwanamke mfupi wa Kisii, asiyechekacheka, na alikubali kumfundisha Levi Jumamosi alasiri katika darasa tupu, kwa lita mbili za maziwa kila siku hadi mgeni afike.

"Tutaanza na salamu," alisema.

"Mgeni ataamkuliwa na mke wangu. Mimi nataka maswali."

"Asante je? Tafadhali?"

"Maswali, Mwalimu."

Mwalimu akachukua chaki. Alimweleza kwamba swali la Kifaransa laweza kuundwa kwa njia tatu. Unaweza kugeuza maneno, kitendo kikatangulia mtendaji. Unaweza kuacha maneno yalivyo, ukapandisha sauti tu. Au unaweza kutanguliza *est-ce que*, na yote yanayofuata yakawa swali.

"Hiyo ya tatu," Levi alisema. "Kama kamba ya shingoni. Naifunga mbele, ng'ombe mzima anafuata."

"Haya. Na jibu lake kwa kawaida ni *oui* au *non*."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo au hapana."

Levi alitabasamu kwa mara ya kwanza. Alifungua daftari la kuandikia mambo ya mifugo, na chini ya kila sentensi ya ubaoni akaandika jinsi sikio lake lilivyoisikia. *Est-ce que votre fils a une femme?* Eske vot fis a iun fam? Je, mwanao ana mke? Kisha akasimamisha kalamu.

"Mwalimu, hapa pana herufi ya *l*. Wewe umesema *fis*."

"Hiyo haitamkwi."

"Kwa nini iandikwe?"

"Ndivyo ilivyo."

"Na hii ya mwisho?"

"Nayo haitamkwi."

Levi aliitazama sentensi ubaoni, herufi baada ya herufi, kama mtu anayekagua kundi lenye ng'ombe wa wizi. "Watu wanaoandika herufi halafu wakaimeza," alisema, "wanameza nini kingine?"

"Mzee, wewe umekuja kusoma au kukamata watu?"

Ugumu haukuwa katika herufi zilizomezwa, maana hizo alizizoea. Ugumu ulikuwa katika sauti. Mwalimu Bitutu alimtaka aipandishe mwishoni, naye kila mara aliiteremsha, *fam* ikaanguka chini kama gunia.

"Hivyo huulizi. Unashtaki."

"Maneno si ni yale yale?"

"Maneno ni yale yale. Lakini mtu akikuuliza, mwishoni anakuachia mlango. Wewe unaufunga na kusimama mbele yake. Rudia."

Alirudia. Alirudia akikamua alfajiri, alirudia akivuka mto, alirudia mnadani mkono ukiwa mdomoni mwa ng'ombe. Aliongeza swali la pili, *eske vot fis a an anfan*, mwanao ana mtoto? Kufikia Jumamosi ya nne maneno yalikuwa yanatoka bila kugongana, ingawa mwishoni bado yalianguka.

"Nikuulize," Mwalimu Bitutu alisema siku hiyo. "Unajifunza kuuliza peke yake. Jibu likija?"

"Litakuja ndiyo au litakuja hapana."

"Watu hawajibu hivyo."

"Huyu atajibu."

"Na akikuuliza na wewe? Mtu aliyeulizwa huuliza. Hebu tujaribu kidogo." Akamweleza kwamba akitaka kusema mwanao wa kike badala ya wa kiume, *fis* inakuwa *fiy*. Akamfundisha kuhesabu hadi tano. Kisha akamuuliza polepole ana watoto wangapi.

"*Kat*," Levi alijibu papo hapo. Wanne.

"Safi kabisa!" Kwa mara ya kwanza Mwalimu Bitutu alicheka. "Hiyo umeitamka kama mwenyeji wa huko."

Levi alifunga daftari. Alisema ana haraka, ng'ombe hawajanyweshwa, na ng'ombe walikuwa wamenyweshwa tangu saa sita.

Watoto aliowazaa na mkewe Priscah walikuwa watatu: wavulana wawili waliokuwa Mombasa, na Lynnet. Wa nne alikuwa Achieng, mwenye miaka saba, ambaye kijiji kizima kilimjua kama kitinda mimba wa Levi, aliyekuja wakati watu hawatarajii tena. Achieng alikuwa wa Lynnet. Lynnet alikuwa kidato cha nne alipopata mimba, na aliyempa mimba alihama wilaya kabla haijaonekana. Levi ndiye aliyepanga yote, kwa usiri na ukali aliotumia kupanga mambo ya mnada. Priscah na Lynnet walikwenda kwa dada yake Priscah, kule Isebania mpakani, wakakaa miezi mitano. Priscah alirudi na mtoto mgongoni. Lynnet alirudi baadaye na sanduku, akaenda chuo. Hakuna aliyejibiwa uongo, maana hakuna aliyeuliza, na kama wapo waliojua, walikula nyama ya sherehe ya mtoto wakanyamaza.

Levi hakuiita hiyo aibu. Aliiita msaada. Msichana mwenye mtoto nyumbani kwao angeolewa na nani? Na mtoto mwenyewe, angeitwa *kimirwa*, mtoto asiye na lango, hadi azeeke. Alikuwa amewapa wote wawili jina safi. Alichodai ni kimoja tu: Lynnet asimwite Achieng mwanangu, hata kwa bahati mbaya, hata wakiwa peke yao. Na Lynnet alitii kwa miaka saba.

*

Asubuhi ya siku ya mgeni, Priscah alimkuta akikamua na kunong'ona.

"Baba Lynnet, unatafuta nini kwa yule mama?"

"Ukweli."

"Ukiupata utauweka wapi? Nyumba hii imejaa."

"Nyamaza. Mtoto atasikia."

"Mtoto yupi?" Priscah alisema. "Wangu au wako au wake?" Alikuwa ameshika ndoo kwa mikono miwili na hakuonekana kuwa na haraka ya kuitua. "Mwezi wa kumi na mbili Lynnet anakwenda. Huyu anabaki hapa, anamlilia dada. Umewahi kumsikia mtoto akimlilia dada miaka kumi?"

"Ataolewa kwanza. Mengine baadaye."

"Hujawahi kusema baadaye ni lini."

Levi aliendelea kukamua. Maziwa yalipiga ndoo, chwa, chwa, na kati ya chwa na chwa maneno yake ya Kifaransa yalikuwa yamemtoka kichwani, ikabidi aanze upya.

Mgeni alifika saa nane mchana. Mama Selestini alikuwa mkubwa kuliko alivyoonekana kwenye simu, amevaa kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano na kilemba cha kitambaa hicho hicho. Mlangoni alivua viatu bila kuambiwa. Levi akajiuliza ni nani aliyemfundisha, na kwa nini. Alimkumbatia Priscah kama mtu aliyempoteza muda mrefu. Alimshika Lynnet mashavu, akamtazama. Achieng alipoleta birika na beseni la kunawia mikono, alimtazama Achieng vile vile, kwa muda ule ule, na maji yakaendelea kumwagika juu ya mikono yake iliyokwisha kuwa safi.

Walikula kuku na samaki. Walipomaliza, Selestini alisogeza kiti mbele, katikati ya pande mbili, akafuta midomo. "Mzee, niko tayari kutafsiri."

"Leo hutatafsiri," Levi alisema. "Kwetu mwoaji hajisemei. Rudisha kiti, ukae kimya. Na wewe, Lynnet, kimya."

Alivua kofia, akaiweka magotini.

"*Madam*," alisema.

Mama Selestini alishtuka, akaweka mkono kifuani, uso ukafunguka kwa furaha. Kifaransa kilimtoka kama mtama gunia linapopasuka. Levi hakushika hata neno moja. Aliinua kiganja, akangoja hadi akamaliza, kisha akalisema swali lake polepole, kila neno mahali pake, na mwishoni likaanguka kama lilivyoanguka siku zote. Mwanao ana mke?

Furaha ilipungua usoni mwa mama, lakini macho hayakukimbia. "*Non*," alisema. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya kitenge, imetulia, kama mikono ya mtu aliyemaliza kazi. Alitaka kuongeza kitu. Levi akainua kiganja tena.

Basi mke hayuko. Alisikia Lynnet akishusha pumzi. Mtu mwingine angeishia hapo, angeomba soda ziletwe. Lakini Levi hakuwa amesahau ile sauti ya kwenye simu, jinsi ilivyoomba na kukemea. Hapana haihitaji maneno mengi kiasi kile. Kulikuwa na kitu ndani yake.

"*Eske vot fis*," alisema, "*a an anfan?*"

Selestini alifumba macho. Mama akamgeukia mwanawe, akamtazama kitambo kirefu, kisha akamrudia Levi.

"*Oui*," alisema. Akainua mkono kutoka sakafuni, akaonyesha kimo. Kimo cha mtoto wa miaka minane au tisa.

Levi alisimama. Kofia ikaanguka. Alikuwa amesubiri wiki sita kwa neno lile dogo, na sasa alipolipata lilimjaa kifuani hadi likamchoma. "Nilijua!" alisema. "Nilijua tangu siku ile! Unakuja kwangu, unakula kwangu, umeficha mtoto mfukoni kama kisu!"

"Mzee, nilitaka kukuambia. Mama pia alitaka, hata siku ile kwenye..."

"Ulitaka! Ulishindwa na nani?"

"Na mimi," Lynnet alisema.

Alisema kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini, bila kuinuka. Levi alimgeukia kama mtu aliyeguswa mgongoni.

"Mimi ndiye niliyemwomba asiseme. Aliniambia habari za binti yake mwezi wa kwanza tulipojuana. Na mimi nikamwambia."

"Ukamwambia nini?"

"Unajua nilimwambia nini, Baba."

"Kwa nini umfichie mtu aibu yake?"

"Kwa sababu ungempigia kelele hivi hivi, naye angekujibu. Angeniuliza mbele yako kama nina wangu. Na mimi ulinikataza kusema ndiyo." Alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe. "Nilikuwa nakufichia wewe."

Mama Selestini hakuelewa Kijaluo. Lakini alikuwa amemfuata Lynnet kwa macho, kisha akayapeleka mlangoni, uani, ambako Achieng alikuwa amechuchumaa akisuuza vyombo na kujiimbia. Akamtazama Lynnet tena. Kisha akamwuliza Levi, kwa upole, maneno machache yaliyotanguliwa na ile kamba ya shingoni, na sauti yake ilipanda mwishoni, ikabaki juu, haikushuka.

"*Est-ce que votre fille a un enfant?*"

Levi alilielewa lote. Hakuna neno hata moja lililomponyoka. Lilikuwa swali lake mwenyewe, amelisema kwa ng'ombe, kwa ndoo, kwa njia nzima ya Uriri akienda mnadani, na sasa limegeuzwa neno moja tu. Levi alitamani lingekuwa na neno gumu, neno moja la kumwezesha kutikisa kichwa na kusema hajui. Lakini alikuwa amejionyesha mbele ya watu wote kwamba anajua Kifaransa. Hakukuwa na mtu wa kumtupia swali hilo. Mkalimani alikuwa amemfukuza mwenyewe.

Aligundua kwamba amekwisha kuiokota kofia na alikuwa anaizungusha, anaizungusha, ukingo ukipita vidoleni. Priscah alikuwa anamtazama. Hakuwa anamtazama usoni.

*Non* ilikuwa rahisi. Ilikuwa imekaa mdomoni miaka saba. Hakuna mtu katika chumba kile ambaye angempinga: Priscah asingempinga, Lynnet asingempinga, na kijana aliyeambiwa anyamaze angenyamaza. Angeisema, soda zingeletwa, na Desemba ingefika. Levi alifungua mdomo. Alisikia uani bakuli likigonga bakuli, na sauti ya mtoto ikikosea maneno ya wimbo, ikarudia, ikakosea pale pale.

"*Wi*," alisema.

Lilitoka dogo. Lynnet alijifunika uso. Priscah alikaa chini ghafla, pale pale alipokuwa, kwenye mkono wa kiti.

Mama Selestini hakupiga kelele. Hakusimama. Aliinamisha kichwa taratibu kama mtu aliyepokea kitu kizito anayetafuta pa kukiweka, kisha akauliza tena, na safari hii Levi hakushika chochote, wala mwanzo wala mwisho. Akamgeukia Selestini. Alijisikia mchovu kama mtu aliyeswaga ng'ombe kutoka mpakani kwa miguu.

"Anasema nini?"

"Mzee, uliniambia..."

"Nimekuuliza sasa. Anasema nini?"

"Anauliza, mtoto mwenyewe anajua?"

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, mzee."

Levi alimwamini. Alishangaa jinsi ilivyokuwa kazi ndogo. Alikaa akilifikiria lile swali katika Kiswahili, akalifikiria katika Kijaluo. Halikuwa swali gumu. Jibu lake lilikuwa ndiyo au hapana, na kila mtu mle ndani alilijua. Kisha akasimama, akavuka sebule, akatoka.

Jua lilikuwa limeelemea upande wa ziwa. Achieng alikuwa na povu hadi viwikoni, na mbele yake vikombe vimepangwa kwa mstari, kikubwa hadi kidogo.

"Baba, wageni wamemaliza soda?"

"Hawajaletewa."

"Wakibakisha ya machungwa ni yangu. Mama alisema."

"Ni yako," Levi alisema.

Alisimama mbele yake. Katika miaka ishirini na sita ya kuuliza hakuwahi kujifunza jinsi jambo linavyoambiwa mtu ambaye hakuuliza. Alichuchumaa, akaokota kikombe kilichokwisha kusafishwa, akakitia tena majini. Nyuma yake alisikia viatu vya Lynnet vikisimama mlangoni.

"Sikukatazi tena. Mwite wewe," alisema bila kugeuka.

"Nimwite nani?"

Levi aliinuka kwa kushika goti, akaondoka njiani, akasimama kando ya ukuta ambako kivuli kilikuwa kimeanza. Lynnet alishuka ngazi mbili za saruji. Alikuwa amevaa gauni lake jipya, na alipiga magoti nalo kwenye matope ya maji ya vyombo, akaishika mikono ya mtoto yenye povu.

Achieng alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akatazama mlangoni ambako Priscah na wageni walikuwa wamesimama.

"Kwani nimefanya nini?" aliuliza.

Lynnet aliinua pindo la gauni, akaanza kumfuta vidole, kimoja kimoja.